Kinga Isiyokinga

Hapa Goma baiskeli tunaiita kinga. Watu waliosoma Kiswahili cha pwani wameniambia kwamba kwao kinga ni kile kinachomlinda mtu: chanjo ni kinga, hirizi ni kinga, hata mwavuli ukitaka. Siku niliyoambiwa hivyo nilicheka peke yangu njia nzima, mpaka nilipofika nyumbani mama watoto akaninusa mdomo. Kinga yangu, tangu tuanze kuishi pamoja, imenikinga na kitu kimoja tu, usingizi wa asubuhi. Yale mengine, yaani matope, matusi, mvua na vioo vya pembeni vya magari, haiyakingi. Inanipeleka mpaka yalipo.

Wala sikuipanda kwa mapenzi. Mwaka 2025 kwetu ulianza kwa vita, jinsi mnavyojua, na sitaki kuyarudia hapa, hii ni safu ya kucheka. Benki zilifunga milango, mshahara ukawa kitu cha kusimuliwa jioni pamoja na habari za sungura na fisi, nami nikakaa chini na kalamu. Kupiga hesabu ndiyo kazi yangu, ninafundisha hesabu sekondari. Pikipiki, ambayo sisi tunaiita moto na jina linaifaa, asubuhi kwenda, jioni kurudi, siku sita kwa juma. Kabla sijafika kwenye jumla nilifunika kalamu, nikaenda kwa jirani aliyekuwa na kinga ya zamani ambayo kuku wake walikuwa wakilala juu yake. Nyeusi, ya chuma, nzito kama dhambi. Kengele inalia. Breki ya mbele inafanya kazi wakati wa kiangazi. Breki ya nyuma ni kisigino changu.

Wageni wakisikia kwamba tunakaa karibu na ikweta hudhani tunaishi ndani ya tanuri. Waje mtaani kwetu Ndosho mwezi wa Novemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wapande kinga. Mji huu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, upande mmoja ziwa, upande mwingine milima, na upepo unaotoka kati ya hivyo viwili unajua vizuri kifungo gani cha koti kimekatika. Mvua yetu ya asubuhi wala hainyeshi kwa heshima. Inajinyunyiza, inasubiri uvue koti la plastiki, kisha inamwagika. Mwenye gari anawasha vile vifuta-kioo, anaongeza sauti ya redio. Mwenye kinga anafuta macho kwa mkono mmoja, na huo mkono ndio uliokuwa umeshika breki.

Halafu kuna makoro, yale mawe meusi ya volkano. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliteremka mjini, ikapita katikati ya nyumba mpaka ikaingia ziwani. Sisi tukasubiri ipoe, tukajenga juu yake. Mei 2021 ikaja tena, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama kabla ya kutufikia katikati ya mji. Kwa hiyo barabara zetu za mitaani hazikutengenezwa na mtu yeyote wa kulaumiwa, zilimwagwa. Ukipita juu ya makoro kwa kinga, meno yanagongana, mfuko wa kalamu unamwagika, na tairi inaliwa kama muhogo kwenye kikwaruzo. Anayefaidi ni kwado, yule fundi wa kuziba matairi aliyekaa chini ya mwavuli na beseni lake la maji. Kwado wa kwetu sasa ananisalimia kwa jina na kuulizia watoto. Nikipita siku mbili bila kusimama, anaona kama nimemhama.

Lakini makoro yana haki, hayasemi kitu. Wenye kusema ni watu.

Hebu nieleze jambo moja ambalo mtu wa Goma hulizoea mpaka halioni tena. Sisi Wakongomani tunapita mkono wa kulia. Ila magari mengi ya hapa usukani wake pia uko kulia, kwa sababu ni ya Japani, na yanatufikia kupitia nchi ambako watu wanapita kushoto. Mwenye kinga, kama mtu mwenye akili, anashika ukingo wa kulia. Sasa chora picha: dereva naye amekaa kulia, kioo ameshusha, kiwiko kiko nje. Katika nchi nyingine dereva akitaka kumtukana mtu wa baiskeli inabidi alale juu ya kiti cha abiria apige kelele. Wa kwetu ananinong'oneza. Mdomo wake uko sikioni pangu. Najua alichokunywa asubuhi.

"Papa, iyi njia uliinunua?"

"Na weye, ulininunulia?"

Siku hiyo tulikuwa Katindo na msongamano ulikuwa wa kutisha. Kasi yake ilikuwa kasi yangu. Alinitukana, nikamjibu, akasogea mita kumi, nikasogea mita kumi, tukaendelea pale tulipokomea. Tulipokaribia rompwe ya Signers, yaani mzunguko wa barabara, matusi yalikuwa yametuishia wote wawili, na ukimya ukawa mzito kama wa wageni kwenye msiba. Akakohoa. Akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia mwalimu. "Ha! Mwalimu! Mutoto wangu iko ku mwaka ya tano, hesabu zinamusumbua." Tuliachana tukiwa tumepeana namba za simu.

Taksi-basi nayo ina ugonjwa uleule upande wa pili. Mlango wa abiria ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaopita kushoto, kwa hiyo hapa unafunguka katikati ya barabara. Ukiona taksi-basi imesimama, usijidanganye kwamba utaipita taratibu upande ule ulio wazi. Mlango utasukumwa, na mama mwenye jogoo mkononi atashuka juu ya mapaja yako, kisha atakuuliza huna macho.

Motari, yaani dereva wa moto, simwogopi sana, namhusudu. Ana jile, kile kizibao, lenye namba, ana chama, ana ndugu. Ukimgusa mmoja tu, kabla hujasema samahani wamefika kumi na tano, na wote wameona jinsi ilivyotokea. Anapiga honi ili uondoke mbele yake, ukiondoka anapita upande uliouondokea, mkagombane huko. Kofia ngumu ya abiria ameivika kwenye kiwiko, hivyo nadhani hakuna viwiko vilivyo salama duniani kuliko vya Goma. Na bado, nikianguka, wa kwanza kusimama na kuniinua ni yeye. Ananiinua huku akinitukana, lakini ananiinua.

Kinachoniumiza ni ile jeep nyeupe yenye antena ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki. Hiyo haitukani, na ndiyo kasoro yake. Vioo vimefungwa, ndani kuna hewa ya baridi ya kununuliwa, nje kuna mimi. Inapita juu ya dimbwi kwa kasi ya mtu anayewahi mkutano, na dimbwi lote linahamia kwenye suruali yangu. Nikifumbua macho ninaona imebandikwa picha ya bunduki iliyokatwa kwa mstari mwekundu, maana yake humu ndani hakuna silaha. Sawa. Na yale maji?

Askari wa barabarani anasimamisha wote: malori, taksi-basi, motari, hata ile jeep mara mojamoja. Mimi hanisimamishi. Mwanzoni niliona ni baraka. Baadaye ikaanza kunichoma moyo. Siku moja nilisimama mwenyewe mbele yake, nikamtazama, nikiwa tayari kabisa kuulizwa hati, taa, chochote. Akanipungia mkono nipite, vile mtu anavyofukuza nzi kwenye mchuzi.

Sasa utasema, basi shirikiana na wanyonge wenzako. Mnyonge nani? Mwenye chukudu? Kwa msomaji wa mbali: chukudu ni kinga ya mbao isiyo na pedali, isiyo na mnyororo, isiyo na siti. Mikaratusi imechongwa ikawa shingo, mkia na magurudumu mawili, magurudumu yamevishwa mpira wa tairi kuukuu, na mwenyewe anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi. Kilo 300 za mzigo si ajabu. Wanateremka kutoka Kibumba na kabichi, viazi na makaa, na wakiwa kwenye mteremko huo hata lori linafikiri mara mbili. Chukudu ina sanamu mjini, tena ya rangi ya dhahabu, imesimama juu ya nguzo yake katikati ya rompwe, mtu na dunia chini ya mikono yake. Motari ana chama, jeep ina bendera, chukudu ina mnara. Kinga ina kengele.

Na sitasahau siku ile nilipokuwa nikikanyaga kwa nguvu zangu zote kwenye tambarare ya kuelekea Birere, nikasikia kitu kinanguruma nyuma, gururu-gururu, mbao juu ya lami. Kijana wa miaka ishirini hivi, magunia manne ya makaa mbele yake, goti moja chini. Akanifikia. Akanipita. Hakuwa hata anahema. Alipokuwa sambamba nami akanitazama kwa huruma, akasema taratibu, "Kanyaga basi, papa."

Nina mtoto wa dada yangu yuko Ubelgiji, mji wa Gent, anafanya kazi ghalani na anakwenda kazini kwa baiskeli. Januari yote hunitumia sauti kwenye simu akilalamika. Mjomba, baridi. Mjomba, barafu barabarani, nimevaa glavu mbili. Mjomba, leo gari limenipita karibu sana, karibu mno, na sheria inasema mita moja. Nilirudia kuisikiliza ile sauti mara tatu. Mita moja! Nikatoka nje na rula ya ubaoni, ile ndefu ya mbao, nikaishika pembeni mwa kinga yangu nione. Katika mita moja ya Goma tunapitisha motari wawili, mbuzi, na binti mwenye sahani ya sambusa kichwani, na sambusa hazimwagiki.

Akaongeza kwamba huko kwao kuna barabara zilizotengwa, gari linaruhusiwa kupita lakini haliruhusiwi kuipita baiskeli. Linakaa nyuma yake mpaka barabara iishe. Nilimsimulia hilo motari mmoja tukiwa tumejikinga mvua pamoja chini ya bati la duka. Akafikiri kwa muda mrefu. "Na dereva anakubali?" Nikasema anakubali. "Iko mugonjwa?"

Ila hata sisi tuliwahi kuona muujiza huo, kwenye televisheni. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliletwa Afrika kwa mara ya kwanza, yakafanyika Kigali, pale tu ng'ambo, kama kilomita 150 kutoka mpakani kwetu. Jumapili ya mwisho tulijazana sebuleni kwa jirani, yuleyule wa kuku. Wanaume walikuwa na kilomita 267 na ushee za kupanda na kushuka, wakaanza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Wote pale sebuleni walishangaa ile miinuko. Wakashangaa ule mlima wa mawe yaliyopangwa wa Kimihurura, ingawa jirani aliguna kwamba mawe yenyewe yamepangwa, mtu ameyapanga kwa mkono, hiyo kwetu ingeitwa avenyu na ingezinduliwa na waziri.

Mimi nilishangaa kitu kingine. Nyuma ya wale watu wa baiskeli kulikuwa na magari. Mengi, yamepanga msururu. Hayapigi honi. Na mara mojamoja gari moja linasogea taratibu ubavuni mwa mwenye baiskeli, mtu anatoa mkono dirishani, anampa maji.

Nikamgusa jirani. "Umeona? Gari linampa maji."

"Na weye wanakupa kila siku," akasema, na sebule nzima ikaanguka kwa kicheko.

Hayo yote ni utangulizi. Nilitaka kueleza ya Alhamisi.

Alhamisi ilinyesha toka usiku. Nilitoka Ndosho nikiwa nimejifunga mfuko wa plastiki kila mguu, madaftari ya mwaka wa tatu kifuani chini ya koti. Karibu na Katindo nikasikia gurudumu la nyuma limevuta pumzi ya mwisho. Kwado hayupo, mwavuli wake upo, beseni lake limejaa mvua. Nikasimama ukingoni na kinga yangu kama mtu anayeuza punda aliyekufa. Jeep nyeupe ikapita, ikaniongezea. Taksi-basi ikapita, utingo akaniangalia mimi na kinga, akatikisa kichwa. Kisha moto ikafunga breki mbele yangu, na chini ya kofia nikaona meno ninayoyajua.

"Mwalimu! Ni weye?"

Alikuwa mwanafunzi wangu. Miaka kadhaa iliyopita, benchi la nyuma, karibu na dirisha. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilimpa 4 kwa 20, na kwenye buletini yake niliandika kwa wino mwekundu kwamba hesabu zimemshinda.

"Panda, nikufikishe."

"Na kinga?"

"Kinga nayo itapanda."

Akanipanga kama mtu anayefunga mzigo wa kabichi. Nikakaa nyuma yake, nikapitisha mkono na bega ndani ya fremu, gurudumu la mbele likatokeza kulia kwangu, la nyuma kushoto, pedali moja ikanilalia shingoni. Nilipotazama huku na huku nikagundua kwamba, kwa mara ya kwanza maishani, nina upana wa Fuso. Nikauliza bei kabla hajaondoka, maana uzee una faida zake.

"Batu batatu."

"Batatu wapi? Tuko mimi na weye, na weye ndiye dereva."

"Mwalimu," akasema kwa upole, vile nilivyokuwa nikimwambia yeye, "angalia. Kinga iko na siti. Ile ni nafasi moja. Iko na kibebeo ya nyuma. Ile ni mbili. Weye ni mumoja. Tunajumlisha."

Nilitafuta kosa. Nimesahihisha karatasi kwa miaka 22, najua mahali makosa yanapojificha. Hakukuwa na kosa. Nikasema twende.

Sijui niseme nini kuhusu safari ile ila ukweli. Ilikuwa tamu. Madimbwi tuliyapita kama hayapo. Honi ilikuwa yetu. Watu wakaona magurudumu yangu yanakuja kutoka pande zote mbili, wakaruka ukingoni. Hata taksi-basi moja ilisita kutoka. Upepo ulikuwa uleule, mvua ileile, lakini nilikuwa nimekaa juu yake, siko chini yake. Nikaanza kuona mambo ambayo sikuwa nimeyaona kamwe. Kwa mfano, niliona jinsi watu wa miguu wanavyotembea ovyo. Niliona jinsi mtu mmoja tu anavyoweza kuzuia msururu mzima.

Na huyo mtu alikuwa mbele yetu. Mzee, koti la plastiki la bluu, kinga nyeusi kama yangu, vidumu viwili vya maziwa vimening'inia nyuma. Yuko katikati ya barabara, anakanyaga polepole, anakwepa shimo. Nalijua lile shimo. Nami kila asubuhi huingia katikati ili kulikwepa. Kijana wangu akapiga honi. Mzee akaendelea na shimo lake. Kijana akapiga tena. Nikainua kichwa juu ya pedali, nikavuta pumzi.

"Papa, iyi njia uliinunua?"

Mzee akageuka. Akanitazama mimi, akatazama gurudumu la kulia, akatazama gurudumu la kushoto. Hakujibu neno. Alisogea ukingoni bila haraka, na tulipokuwa tunampita akaweka kidole gumba kwenye kengele, akaipiga mara mbili.

"Mwalimu, unamujua?" kijana akauliza.

Nikamwambia simjui, aongeze mwendo, tumechelewa.